Jinsi ya kubadilisha prosesa ya tarakilishi bila kutupa kumbukumbu ya zamani

TARAKILISHI ya mezani iliyonunuliwa miaka minane au tisa iliyopita huanza kumsumbua mwenyewe polepole. Mwanzoni ni kurasa za mtandao zinazochelewa kufunguka. Kisha programu ya hesabu inaganda katikati ya kazi, na hatimaye unatokea ujumbe kwenye skrini unaomwarifu kuwa mashine yake haitimizi masharti ya Windows 11. Ujumbe huo ulipata uzito zaidi Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10.

Wengi waliofikwa na hali hiyo hushauriwa wanunue mashine mpya. Wengine, hasa wenye tarakilishi zilizoundwa na mafundi wa mitaani, hupewa ushauri tofauti: wabadilishe prosesa pekee na kuacha vingine vyote mahali pake, vikiwemo vijiti vya kumbukumbu. Ushauri huu wa pili unaweza kumwokolea mtu fedha nyingi. Unaweza pia kumwachia mkononi prosesa ya bei isiyoingia popote katika mashine yake.

Haja ya kuiokoa kumbukumbu ya zamani si ubahili tu. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025, bei ya kumbukumbu za tarakilishi ilipanda kwa kishindo kote duniani. Kampuni tatu zinazotawala biashara hiyo, Samsung, SK Hynix na Micron, zilielekeza sehemu kubwa ya chipu zao kwenye seva za akili bandia, na mnunuzi wa kawaida akabaki kugombania kilichosalia. Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba itaachana na biashara ya kuwauzia wateja wa rejareja kumbukumbu zenye jina la Crucial. Gigabaiti 16 ambazo zamani hazikuwa gharama ya kumnyima mtu usingizi zikawa kitu cha kufikiriwa mara mbili.

KUMBUKUMBU NDIYO YENYE KAULI

Prosesa ni chipu inayofanya hesabu zote za tarakilishi. Kumbukumbu, ambayo madukani huitwa RAM, ni mahali ambapo data inayotumika kwa wakati huo huwekwa ili prosesa iifikie upesi. Baina ya viwili hivyo kuna saketi inayosimamia mawasiliano. Saketi hiyo ndiyo inayoamua ni aina gani ya kumbukumbu itakayokubaliwa, na kwa kasi gani. Ili kujua kama kumbukumbu ya zamani itafaa, sharti mtu ajue saketi hiyo iko wapi.

Zamani ilikuwa katika chipu nyingine iliyobandikwa kwenye bodi kuu, nje ya prosesa. Kwa hivyo aliyechagua aina ya kumbukumbu alikuwa mtengenezaji wa bodi. Soketi ya Intel iitwayo LGA775, iliyoanza kutumika 2004, ilipata bodi za DDR, za DDR2 na baadaye za DDR3. Intel ilipozindua Core 2 Duo mnamo Julai 2006, kampuni ya ASRock ilikuwa na bodi iliyoitwa 775Dual-VSTA, yenye matundu ya DDR na ya DDR2 kwa pamoja, na juu ya hayo nafasi ya kadi za picha za kale aina ya AGP kando ya ile mpya ya PCI Express. Mtu aliweza kununua prosesa mpya na bodi hiyo, akahamishia humo vijiti vyake vya DDR, kisha akangoja hadi mfuko uruhusu ndipo anunue DDR2. Haikuwa bodi ya kujivunia mbele ya wapenda kasi, ila ilikuwa rafiki wa mtu mwenye bajeti ndogo.

AMD ilikuwa tayari imeshika njia nyingine. Mnamo 2003, kupitia prosesa za Opteron na Athlon 64, iliiingiza saketi hiyo ndani ya prosesa yenyewe, na data ikaacha kuzunguka kupitia chipu ya tatu. Intel ilifuata Novemba 2008 kwa Core i7 za kwanza. Tangu hapo prosesa hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kufundishwa lugha ya kumbukumbu itakayotumia, na hakuna bodi wala fundi awezaye kuifundisha nyingine.

Zipo chache zilizofundishwa lugha mbili. Phenom II za soketi ya AM3, za 2009, zilielewa DDR2 na DDR3, hata zikaweza kuingia katika bodi nyingi za AM2+ zenye DDR2 baada ya programu ya bodi kusasishwa. Kizazi cha 6 cha prosesa za Intel, cha 2015, kilielewa DDR4 pamoja na DDR3L, ile DDR3 ya umeme mdogo. Kizazi cha 12, kilichotoka Novemba 2021, na vile vya 13 na 14 vilivyofuata, vinaelewa DDR4 na DDR5. Hizi ndizo prosesa za mpito, na mtu anayetaka kupanda ngazi bila kuacha kumbukumbu yake hana budi kuzijua.

Vijiti vyenyewe huweza kumdanganya macho asiyezoea. DDR2 na DDR3 vyote vina pini 240. DDR4 na DDR5 vyote vina pini 288. Kinachovitofautisha ni pengo dogo kwenye ukingo wenye pini, ambalo halikai mahali pamoja, pamoja na umeme unaotumika: volti 1.8 kwa DDR2, 1.5 kwa DDR3, 1.35 kwa DDR3L, 1.2 kwa DDR4 na 1.1 kwa DDR5. Kijiti kikikataa kuingia, kisisukumwe. Wapo waliovunja tundu la bodi kwa kudhani kwamba kinachohitajika ni nguvu ya kidole.

PROSESA MPYA KWENYE BODI ILE ILE

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kubakisha bodi na kumbukumbu, prosesa pekee ikabadilishwa. Soketi iliyoruhusu jambo hili kwa upana usio wa kawaida ni AM4 ya AMD.

Tuseme mwenye duka la kupiga chapa aliundiwa tarakilishi mnamo 2017. Ndani mna bodi yenye chipu ya B350, prosesa ya Ryzen 3 1200 yenye viini 4, kadi ya picha ya wastani na vijiti viwili vya DDR4, kila kimoja gigabaiti 8, vyenye kasi ya 2400. Mashine hiyo haikubaliwi na Windows 11, si kwa sababu ya kumbukumbu wala bodi, bali kwa sababu prosesa za Ryzen za mfululizo wa 1000 hazimo katika orodha ya Microsoft. Ryzen 5 5600, iliyotoka Aprili 2022, imo katika orodha hiyo. Ina viini 6 vinavyoshughulikia kazi 12 kwa wakati mmoja, na ina megabaiti 32 za kache ya ngazi ya tatu badala ya 8. Isitoshe, imepangiwa wati 65, sawa kabisa na ile ya zamani, kwa hivyo kisambaza umeme hakilazimiki kubadilishwa. Vijiti vyake vya DDR4 vinabaki pale pale vilipo.

Haikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo. Mei 2020, AMD ilisema kwamba prosesa zake za mfululizo wa 5000 hazitaingia katika bodi za mfululizo wa 400, seuze zile za 300. Wateja walilalamika, na kabla mwezi huo kwisha kampuni ikageuza kauli kuhusu bodi za 400. Bodi za 300 zilisubiri hadi 2022. Kwa sababu hiyo, bodi ya 2017 ambayo haijawahi kuguswa tangu iliponunuliwa haitaitambua Ryzen 5 5600 hata kidogo. Feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi.

Dawa yake ni kusasisha BIOS, ile programu iliyo ndani ya bodi inayoamsha tarakilishi kabla ya Windows kuanza. Kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, kwani ndiyo pekee inayoweza kuiendesha bodi wakati huo. Anayeitoa kwanza, kisha akakumbuka BIOS baadaye, hulazimika kuirudisha na kuanza upya. Faili sahihi hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, katika ukurasa wa modeli hiyo hasa, pamoja na orodha ya prosesa zinazokubaliwa na namba ya BIOS ambayo kila moja inahitaji. Orodha hiyo ina uzito kuliko neno la muuzaji yeyote. Kama modeli haijulikani, huwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya matundu ya kadi.

Stima ikipotea katikati ya shughuli hiyo, bodi inaweza kufa papo hapo. Asiye na UPS afadhali aazime, au apeleke mashine kwa fundi aliye nayo.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa wengi. Baadhi ya prosesa za AMD, kama vile Ryzen 5 3400G, zina sehemu ya kutoa picha ndani yake, na mashine zinazozitumia huenda hazina kadi ya picha. Ryzen 5 5600 haina sehemu hiyo. Mwenye mashine isiyo na kadi ya picha anapaswa kutafuta 5600G, iliyoanza kuuzwa rejareja Agosti 2021. Herufi hiyo moja mwishoni mwa jina ndiyo tofauti baina ya mashine inayofanya kazi na mashine inayonguruma bila kuonyesha kitu.

INTEL NA SOKETI ZINAZOFANANA

Ofisi nyingi nchini, shule na saiba hutumia mashine za Dell na HP zilizotoka ofisi za ng'ambo, na nyingi kati ya hizo zina prosesa za Intel. Hapa uhuru ni mdogo zaidi, kwani Intel imekuwa na desturi ya kubadilisha bodi baada ya kila vizazi viwili hivi.

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010 ya 2012, ambayo haifai kuchanganywa na ile ya 2023 iliyopewa jina lilo hilo. Iliyokuja na Core i3-3220 ya viini 2 inaweza kupokea Core i7-3770 ya viini 4, na vijiti vyake vya DDR3 vikaendelea kutumika bila kuguswa. Kwa mtu anayetayarisha vitabu vya hesabu au kuendesha mashine ya wanafunzi, mabadiliko hayo huonekana siku hiyo hiyo. Hata hivyo, prosesa ya kizazi cha 3 haikubaliwi na Windows 11, na i7 si ubaguzi. Mwenye mashine hiyo anaongeza kasi tu. Tatizo la Windows 10 linabaki kama lilivyokuwa, isipokuwa akihamia mfumo wa Linux kama vile Ubuntu.

Hali ni hiyo hiyo kwa vizazi vya 6 na 7. Mtu anaweza kutoka Core i3-6100 hadi Core i7-7700 kwenye bodi ile ile ya DDR4, BIOS ikiwa imesasishwa. Atapata viini 4 badala ya 2, lakini Windows 11 bado itamkataa, kwa kuwa Microsoft ilianza kukubali prosesa za Intel karibu zote kuanzia kizazi cha 8. Na hapo ndipo penye hila mbaya kuliko zote: prosesa za kizazi cha 8, zilizotoka Oktoba 2017, hukaa katika soketi yenye jina lile lile, LGA1151, ila zinahitaji bodi za mfululizo wa 300. Kwenye bodi ya 2015 prosesa hiyo itaingia vizuri kwa macho, kisha isiwake. Anayenunua prosesa kwa kuangalia jina la soketi pekee amenunua kwa kubahatisha.

Aliye na DDR4 na anayetaka Windows 11 upande wa Intel ana njia moja ya maana, nayo ni kubadilisha bodi pamoja na prosesa huku akihamisha vijiti. Bodi za soketi ya LGA1700 zilitengenezwa kwa makundi mawili, za DDR4 na za DDR5. Watengenezaji wengi huweka alama ya D4 au DDR4 katika jina la bodi. Core i3-12100 ya viini 4, au Core i5-12400 ya viini 6, kwenye bodi ya H610 au B660 yenye DDR4, inatosha kwa kazi karibu zote za ofisi. Kizibo na feni ya kupoza ya zamani huenda isikae, kwa sababu nafasi za skrubu zilibadilika. Aidha, leseni ya Windows iliyokuja na mashine ya kampuni kwa kawaida imefungwa kwenye bodi yake, kwa hivyo bodi mpya huweza kudai leseni mpya. Hii ni gharama ambayo wauzaji wa vipuri huwa hawaitaji.

Ikumbukwe pia kwamba si kila bodi inaweza kuhamishwa. Mashine nyingi za Dell na HP zina bodi, kisambaza umeme na kasha vya umbo lao wenyewe, na bodi ya kawaida haitashika humo. Zile ndogo kabisa, zinazobanwa nyuma ya skrini, hutumia vijiti vifupi vya vipakatalishi ambavyo havina nafasi kwenye bodi ya kawaida.

Anayevutwa na soketi za karibuni zaidi, AM5 ya AMD iliyozinduliwa Septemba 2022 au LGA1851 ya Intel ya Oktoba 2024, aiage DDR4 mapema. Zote mbili hutumia DDR5 pekee.

KASI INAYOPOTEA NA ISIYOPOTEA

Je, prosesa mpya haitazuiwa na kumbukumbu nzee? Itazuiwa kiasi, lakini mara nyingi si kwa kiwango kinachodaiwa.

Kijiti cha DDR4 hupitisha baiti 8 kwa kila mpigo. Kwa kasi ya 2400, hiyo ni gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Kwa kasi ya 3200 ni gigabaiti 25.6. Vijiti viwili vikiwekwa kwenye njia mbili tofauti za bodi, kiasi hicho huwa maradufu. Kwa hivyo vijiti viwili vya zamani vya 2400 hupitisha gigabaiti 38.4 kwa sekunde, na kijiti kimoja kipya cha 3200 hupitisha 25.6 tu. Mwenye duka aliyetajwa hapo juu akishawishiwa kuuza vijiti vyake viwili vya gigabaiti 8 ili anunue kimoja kipya cha gigabaiti 16 chenye kasi zaidi, atakuwa amelipa fedha ili apunguziwe upana wa njia.

Prosesa za Ryzen huathirika na kasi ya kumbukumbu kuliko zile za Intel, kwa sababu njia ya ndani inayounganisha sehemu za chipu kwa kawaida hufuata mwendo wa kumbukumbu. Tofauti hiyo huonekana zaidi katika michezo ya video. Katika barua, majedwali na mtandao ni vigumu kuihisi. Kache kubwa hupunguza dosari hii, na ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D, yenye megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu, hustahimili kumbukumbu ya polepole kuliko ndugu zake. Kinyume chake ni 5600G. Sehemu yake ya picha hukopa kumbukumbu hiyo hiyo ya mashine, hivyo kijiti kimoja cha polepole huivunja miguu.

Huenda hata kumbukumbu ya zamani ikaenda kasi kuliko ilivyowahi. Prosesa za kwanza za Ryzen zilikuwa na udhaifu katika kudhibiti kumbukumbu, na vijiti vingi vilivyoandikwa 3000 au 3200 vililazimika kushushwa hadi 2666 ili mashine isigande. Kwenye prosesa ya mfululizo wa 5000 vijiti hivyo huweza kufikia kasi iliyoandikwa juu yao, mradi mtu aingie kwenye BIOS na kuwasha mpangilio uitwao XMP au DOCP. Kusasisha BIOS hufuta mpangilio huo, kwa hivyo hata aliyewahi kuuwasha lazima aurudie.

Kuchanganya vijiti vya zamani na vipya kunawezekana, na vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile kilicho nyuma. Hatari iko katika kununua kijiti cha kuongezea bila kukiuliza asili yake. Kumbukumbu za seva zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na kijiti cha DDR4 cha seva chenye chipu ya ziada ya kupokezana data huingia sawasawa kwenye tundu la tarakilishi ya mezani, kisha mashine ikakataa kuwaka. Vivyo hivyo, wapo wanaouza vijiti vya DDR3 vinavyofanya kazi kwenye mashine za AMD pekee. Mnunuzi wa mashine ya Intel akivichukua kwa urahisi wake, atarudi dukani.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Inafaa kwanza kuthibitisha kwamba mkosaji ni prosesa. Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha ni sehemu gani iliyolemewa. Mashine ifanyishwe kazi yake ya kila siku, kisha dirisha hilo litazamwe kwa dakika kadhaa. Ikiwa ni kumbukumbu inayojaa, prosesa mpya haitasaidia chochote. Ikiwa ni diski inayofika asilimia 100 huku prosesa ikipumzika, basi mashine ingali na diski ya kuzunguka, na kuiwekea SSD kutaleta nafuu kubwa kuliko prosesa yoyote. Idadi ya prosesa zilizobadilishwa bure kwa sababu ya diski haijulikani, ila mafundi wa Luthuli wanaweza kusimulia.

Data zote muhimu zinakiliwe nje ya mashine. Kwa mashine zilizofungwa kwa BitLocker, ufunguo wa dharura uandikwe mahali salama kabla ya chochote. Prosesa nyingi za AMD hubeba ndani yake sehemu ya usalama inayotunza siri za Windows, na prosesa ikitolewa siri hizo huondoka nayo. Mashine za AMD zikiwashwa na prosesa mpya huonyesha ilani kuhusu fTPM na kuuliza kama ianzishwe upya. Anayekubali bila kuwa na ufunguo wa BitLocker anaweza kufungiwa nje ya faili zake mwenyewe.

Siku ya kazi yenyewe, mashine iendeshwe kwa dakika chache ili mafuta ya kupitishia joto yaliyo juu ya prosesa yalainike, kisha izimwe na waya wa umeme uchomolewe. Fundi aguse chuma tupu cha kasha ili atoe umeme tuli mwilini. Kipoza joto cha AM4 kisivutwe juu moja kwa moja. Hugeuzwageuzwa kulia na kushoto mpaka kiachie, kwani prosesa hizi zina pini 1331 upande wa chini na huweza kung'oka pamoja na kipoza joto hata soketi ikiwa imefungwa. Pini zikipinda, kuzinyoosha ni kazi ya sindano na subira. Upande wa Intel pini ziko kwenye bodi, na huko zikipinda ni bodi inayoumia.

Prosesa mpya huwekwa kwa kulinganisha pembetatu ndogo ya pembeni na ile ya soketi, bila kusukuma. Mafuta ya zamani husafishwa kwa spiriti, na tone jipya la ukubwa wa punje ya pojo huwekwa katikati. Vijiti vya kumbukumbu, kama ni viwili na matundu ni manne, kwa kawaida hukaa katika tundu la 2 na la 4 kuanzia upande wa prosesa, ingawa kitabu cha bodi ndicho chenye neno la mwisho. Pini za vijiti vilivyokaa miaka mingi huwa na vumbi na utandu. Kuvifuta kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi kabla ya kuvirudisha ni jambo la busara.

Mwasho wa kwanza huhitaji moyo. Prosesa mpya hujaribu mipangilio mbalimbali ya kumbukumbu kabla ya kutoa picha, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika moja au zaidi, mashine ikijizima na kujiwasha. Wasio na subira huchomoa waya wakati huu na kuanza kutafuta kosa lisilokuwepo. Ikipita dakika tano bila picha, kijiti kimoja kitolewe na kingine kijaribiwe peke yake.

Picha ikipatikana, kumbukumbu ijaribiwe kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, kwanza kwa kasi ya kawaida, halafu kwa kasi ya XMP. Kosa hata moja linatosha kuonyesha kwamba kasi hiyo haifai, na hapo hushushwa hatua moja na jaribio likarudiwa. Mashine inayopita jaribio hili ndiyo inayofaa kukabidhiwa vitabu vya hesabu vya biashara.

Prosesa iliyotolewa isiuzwe siku hiyo hiyo. Ihifadhiwe kwenye kasha la mpya kwa wiki kadhaa. Mashine ikianza kugoma, kuirudisha ndiyo njia ya haraka ya kujua kama ugonjwa uko kwenye bodi, kwenye kumbukumbu au kwenye prosesa mpya, mradi BIOS iliyowekwa bado inaitambua.